Uvira: Nyota pembeni ya jina haikuwa alama ya kifo, maana yake yapatikana katika faharasa ya majarida ya zamani ya kompyuta

UVIRA, Kivu ya Kusini – Mwalimu mmoja mstaafu wa shule ya msingi, pamoja na mpwa wake anayetengeneza simu, wamepata maana ya alama ndogo iliyokuwa imeanza kuleta kilio katika familia kadhaa za watu waliokimbia vita mwaka 1996. Alama hiyo ni nyota. Ilionekana pembeni ya baadhi ya majina katika orodha ya zamani ya wakimbizi iliyobaki ndani ya disketi moja. Maana yake ilikuwa imechapishwa zamani sana, katika jarida la kompyuta la Marekani la miaka ya 1980. Kazi kubwa ilikuwa kujua ni jarida gani na ukurasa gani. Hapo ndipo faharasa ilipowasaidia.

Faharasa ni orodha inayomwonesha msomaji kila habari iko katika toleo gani na ukurasa gani. Ile waliyoipata wawili hao ni ya majarida ya kompyuta, na mtu anaweza kuandika neno akapewa makala zote zinazogusa neno hilo. Wameomba majina yao yasitajwe, sawa na familia zilizohusika.

Ikumbukwe kwamba mwezi wa kumi mwaka 1996, vita vilipofika Uvira na maeneo ya jirani, watu wengi sana walivuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi na boti wakaelekea Kigoma, Tanzania. Mwezi uliofuata kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa, na hadi leo bado ina wakimbizi wa Congo. Familia nyingi zilitengana njiani. Mume alipita ziwani, mke akapita milimani na watoto. Au ndugu wawili walipanda boti mbili tofauti na hawakuonana tena.

Mwalimu huyo alikuwa miongoni mwa waliovuka. Kule ng'ambo alijiunga na kamati ndogo ya wakimbizi wenyewe iliyokuwa ikiandika majina ya watu waliofika, ili wanaotafutana wapate pa kuuliza. Yeye aliandika katika daftari. Kijana mmoja aliyejua kuchapa aliyaingiza majina hayo katika kompyuta ya parokia, jioni, saa ambazo jenereta ilikuwa inawashwa. Kwa kila mtu waliweka jina, jina la baba, kijiji alikotoka, mahali alipo kambini, na tarehe ya kuandikwa.

Mwaka 2005, shirika la umoja wa mataifa la wakimbizi, UNHCR, lilipoanza kuwarudisha watu kwa meli hadi Baraka, mwalimu naye alirudi na sanduku lake. Madaftari yaliliwa na mchwa. Kijana aliyekuwa akichapa alikwisha kupelekwa nchi ya mbali, na mawasiliano yakakatika. Kilichobaki ni disketi moja, iliyofungwa katika mfuko wa plastiki ndani ya kopo la biskuti.

Kwa miaka mingi disketi hiyo haikuwa na kazi, kwa sababu kompyuta za siku hizi hazina tena mahali pa kuiingiza. Ni mpwa wake aliyepata mashine ya zamani katika sekretaria moja ya mjini, kibanda cha kuchapa barua na kutoa kopi, ambako mashine hiyo ilikuwa imewekwa chini ya meza. Kabla ya kuiingiza disketi alisogeza kile kitufe cha pembeni mpaka kitundu kikawa wazi, ili mashine iweze kusoma tu na isiandike chochote juu yake. Kisha akanakili faili iliyokuwa ndani, na tangu siku hiyo wamefanya kazi na nakala tu. Disketi yenyewe ilirudishwa ndani ya kopo.

Faili ilifunguka katika programu ya kawaida ya majedwali, na majina yakaonekana kwa safu. Mwalimu aliyatambua mengi. Lakini alikuwa na hakika kwamba kuna watu aliowaandika kwa mkono wake na hawakuwemo. Mpwa akaifungua faili ile ile kwa njia nyingine, kama maandishi matupu, bila jedwali.

"Mjomba, kwenye tablo hawaonekane, lakini humu ndani wako," alimwambia.

Majina yaliyokosekana yalikuwepo kweli, kila moja likiwa limetanguliwa na nyota.

Habari ilipotoka kwamba orodha ya mwaka 1996 na 1997 imepatikana, watu walianza kufika nyumbani kwa mwalimu, wengine wakiwa wamekimbia tena miaka ya hivi karibuni na wanaishi kwa jamaa hapo mjini. Mama mmoja alifika kumtafuta kaka yake. Familia yao ilikuwa imeambiwa kwamba boti alilopanda lilizama ziwani, na mwanzoni mwa mwaka 1997 walimfanyia matanga bila mwili. Jina lake likapatikana. Kwa hiyo hakuzama, alifika Kigoma. Mama yule alikaa chini kwa furaha. Kisha mtu mmoja akauliza kuhusu nyota iliyokuwa pembeni ya jina.

Hakuna aliyejua, lakini jibu lilitoka haraka. Wazee walikumbusha kwamba katika madaftari ya kanisa, jina la marehemu huwekewa msalaba pembeni. Basi nyota nayo itakuwa hivyo hivyo: mtu alifika, akaandikwa, akafa kambini. Mwaka ule magonjwa yalikuwa mengi, na maelezo hayo yaliingia akilini. Kabla ya jua kuzama, familia tatu zilikuwa zimepata habari kwamba mtu wao ana nyota.

Mwalimu alikataa kuthibitisha, lakini pia hakuweza kukanusha. Alikumbuka kwamba kamati ilikuwa ikiondoa majina kwa sababu nyingi: kifo, kuhamia kambi nyingine, kurudi Congo, au mtu kuandikwa mara mbili. Nyota hakuikumbuka. Katika daftari lake alikuwa akipiga mstari tu.

Kwa upande wake, mama yule alisema neno moja ambalo mwalimu anasema ndilo lililomfanya asilale: "Nilisha mulilia kaka yangu mara moja. Sitaki kumulilia mara ya pili juu ya alama yenye hakuna mutu anajua."

Mpwa alianza kutafuta kwa simu, kama vijana wote wanavyofanya. Alichopata kwanza ni matangazo ya programu za kuuza, zinazoahidi kutengeneza faili zilizoharibika kwa malipo ya dola. Baadaye alipata video ndefu zilizomaliza mega zake bila kusema lolote kuhusu nyota. Faili yao haikuwa imeharibika. Walichohitaji ni mtu wa kuwaeleza jinsi ilivyoandikwa.

Jina la faili liliishia na herufi DBF, na hizo zilimwonesha kwamba ilitengenezwa na dBASE. Hii ilikuwa programu ya kutunza orodha iliyotumika sana duniani miaka ya 1980. Iliandikwa na Mmarekani Wayne Ratliff, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya JPL huko Pasadena, California. Mwanzoni alitaka imsaidie kukisia matokeo ya mpira wa Kimarekani. Kampuni ya Ashton-Tate iliichukua na kuiuza, na dBASE III ilitoka mwaka 1984. Mwaka 1991 Ashton-Tate ilinunuliwa na Borland. Lakini programu haifi siku kampuni inapouzwa. Maofisi na mashirika mengi yaliendelea kuitumia kwenye mashine kuukuu kwa miaka mingi baadaye, na ndiyo iliyokuwa katika kompyuta ya parokia ile.

Akiwa anauliza huku na kule, mpwa alikutana kwa ujumbe na mtu anayetunza kompyuta za zamani. Mtu huyo hakumpa jibu. Alimwambia tu kwamba mambo ya dBASE yaliandikwa yote zamani katika majarida, na kwamba kuna faharasa ambamo angeweza kuyatafuta.

Msikilizaji ambaye hakuyaona majarida hayo anaweza kujiuliza yalikuwa na nini. Katika miaka ya 1970 na 1980, mtu aliyenunua kompyuta hakuwa na intaneti ya kumfundisha. Alijifunza kwa majarida. Byte lilianza mwezi wa tisa mwaka 1975, likatengenezwa katika mji mdogo wa Peterborough, jimbo la New Hampshire, na liliendelea hadi mwezi wa saba mwaka 1998. Dr. Dobb's Journal lilianza California mwezi wa kwanza mwaka 1976. Compute! lilitoka kuanzia mwaka 1979 hadi 1994. Baadhi ya matoleo ya Byte katika miaka ya 1980 yalipita kurasa 500, mengi yakiwa matangazo, na katikati yake makala ndefu za mafundi walioeleza kila kitu hatua kwa hatua.

Majarida hayo yalichapisha hata programu nzima, mstari kwa mstari, ili msomaji aiandike mwenyewe kwenye mashine yake. Ukikosa koma moja, programu haitembei. Na mara nyingine kosa halikuwa la msomaji, lilikuwa la jarida. Masahihisho yalitoka miezi michache baadaye, katika toleo jingine. Compute! lilikuwa na safu maalumu ya masahihisho iliyoitwa CAPUTE!. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na toleo la makala bila toleo la masahihisho angeweza kukesha akitafuta kosa ambalo si lake.

Kila mwezi karatasi ziliongezeka. Baada ya miaka 10, mtu alikuwa na rafu nzima ya majarida, na alijua kwamba jambo fulani aliwahi kulisoma, ila hakujua wapi. Tatizo hili ni la zamani kuliko kompyuta. Huko Marekani, mwanafunzi wa chuo cha Yale aitwaye William Frederick Poole alikuwa akitunza maktaba ya chama cha wanafunzi. Aliona wenzake wanahangaika na majarida yaliyojaa habari nzuri ambazo hakuna anayeweza kuzipata, akaanza kuandika kwa mkono orodha ya mambo yote yaliyomo, kwa mfuatano wa alfabeti. Wanafunzi waliitumia sana mpaka karatasi zikachakaa, ndipo mwaka 1848 ikachapwa kuwa kitabu cha kurasa 154. Mwaka 1882, kwa kugawana kazi na wakutubi wa mahali pengi, alitoa faharasa kubwa zaidi. Mwaka 1901 kampuni ya H. W. Wilson ilianza faharasa yake ya majarida iitwayo Readers' Guide. Kompyuta nazo zilipopata majarida yake, faharasa zake zikafuata: mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwepo tayari moja iliyoitwa Microcomputer Index.

Ile aliyooneshwa mpwa ilikuwa kazi ya watu wa kujitolea. Kila mstari una kichwa cha makala, jina la mwandishi, jina la jarida, mwezi na mwaka, ukurasa, na maneno machache ya kueleza makala inahusu nini. Haina picha. Kwa mtu wa Uvira anayehesabu mega, hilo lilikuwa jambo kubwa. Toleo moja zima la jarida lililopigwa picha linaweza kuzidi mega 100, lakini matokeo ya faharasa ni maandishi matupu, na kutafuta mara kadhaa hakumalizi hata mega chache. Angelazimika kupakua majarida yote ya miaka hiyo ili asome moja moja, kazi ingeishia hapo.

Hata hivyo haikuwa rahisi kama kuokota embe. Kwanza alitafuta kwa Kifaransa, lugha aliyosomea, na hakupata kitu, kwa sababu majarida hayo ni ya Kiingereza. Aliandika neno dBASE peke yake, zikaja makala nyingi mno: namna ya kuchapa risiti, namna ya kutunza hesabu za duka, sifa za toleo jipya. Akaongeza neno la Kiingereza la nyota, halikuleta kitu. Hapo alitaka kuacha.

Mwalimu ndiye aliyebadilisha njia. Hajui kompyuta, lakini amefundisha watoto kutumia kamusi kwa zaidi ya miaka 30. Alimwambia mpwa wake aache kutafuta alama, atafute kazi ya alama. "Wewe unauliza nyota. Wale walioandika hawakuandika juu ya nyota. Waliandika juu ya kitu chenye nyota inafanya." Na kitu pekee ambacho mwalimu alikuwa na hakika nacho ni kwamba majina yale hayakuonekana kwenye jedwali. Yalikuwa yamefichwa, au yameondolewa.

Basi wakatafuta dBASE pamoja na neno la Kiingereza la kufuta, wakaweka mipaka ya miaka: kuanzia 1984 dBASE III ilipotoka, hadi 1990. Orodha ikapungua ikabaki mistari michache. Mmoja ulikuwa na kichwa cha mzaha ambacho hakikutaja dBASE wala kufuta. Kwa kichwa hicho peke yake hakuna ambaye angekipata. Lakini yule mtu wa kujitolea aliyesoma makala, siku asiyoijua mtu, alikuwa ameandika pembeni kwamba inaeleza muundo wa faili ya dBASE na rekodi zilizofutwa.

Hapo ndipo tofauti ilipoonekana kati ya faharasa ya mtu na utafutaji wa mashine. Picha za majarida mengi ya zamani zimehifadhiwa na Internet Archive, maktaba iliyoanzishwa na Brewster Kahle huko San Francisco mwaka 1996, mwaka ule ule watu wa Uvira walipovuka ziwa. Humo mashine husoma picha za kurasa na kuzigeuza maandishi, na mtu anaweza kutafuta ndani yake. Ni msaada mkubwa. Lakini mashine hukosea karatasi ikiwa imefifia. Huona herufi O ikaandika sifuri, huona B ikaandika 8. Neno lililosomwa vibaya halipatikani tena kwa kutafutwa. Mtu aliyesoma makala kwa macho yake na kuandika maneno matatu ya kweli huisaidia mashine pale inapokwama.

Wakiwa na mwezi, mwaka na ukurasa, walifungua kurasa nne tu za jarida hilo, si toleo zima. Mpwa alizisoma kwa Kiingereza cha kusuasua, akimfasiria mjomba wake kwa Kiswahili usiku huo huo.

Makala ilieleza hivi. Faili ya DBF ina kichwa, halafu mistari ya watu au vitu. Baiti ya kwanza ya kichwa inaonesha aina ya faili. Baiti tatu zinazofuata ni tarehe ya mwisho faili ilipobadilishwa. Nne baada ya hapo ni hesabu ya mistari yote. Kisha kila safu inaelezwa kwa baiti 32: jina lake, aina yake na urefu wake. Baada ya kichwa, mistari inafuatana, yote ikiwa na urefu sawa, na mwanzoni mwa kila mstari kuna nafasi ya herufi moja. Ikiwa nafasi hiyo ni tupu, mstari unatumika. Ikiwa na nyota, mstari umefutwa.

Na jambo la muhimu zaidi: katika dBASE, kufuta hakuondoi kitu. Amri ya DELETE huweka nyota tu. Mstari unabaki ndani ya faili pamoja na maneno yake yote, na amri ya RECALL huweza kuurudisha. Huondoka kabisa pale mtu anapotoa amri nyingine iitwayo PACK. Kijana wa parokia hakuwahi kutoa amri hiyo, au hakuifahamu. Kwa sababu hiyo majina yalibaki.

Mwalimu hakuridhika na karatasi moja. Faharasa ilionesha kwamba makala hiyo ilifanyiwa sahihisho matoleo mawili baadaye, naye akataka lisomwe kwanza. Walilisoma: lilihusu mstari mmoja wa programu ya mfano, halikugusa maelezo ya nyota. Kisha mpwa akahakikisha kwa faili yao wenyewe. Alisoma ile hesabu iliyoko kichwani mwa faili, halafu akahesabu majina: yasiyo na nyota pamoja na yenye nyota. Hesabu zililingana. Kwa hiyo kompyuta ya parokia ilikuwa ikiwahesabu wote kama mistari ya orodha, na nyota ilikuwa alama ya mashine, si maneno ya mtu aliyeandika habari ya kifo.

Ilibaki kujua kwa nini kila mtu aliwekewa nyota, na hilo hakuna jarida linaloweza kulijibu. Walianza kulinganisha. Kwa kila jina lenye nyota walitafuta kama kuna mtu mwingine katika orodha mwenye jina la baba na kijiji kile kile. Ni kazi ya siku tano, wakiandika kwa mkono wakati umeme ulipokatika.

Mengi yalikuwa na pacha. Mtu alihamia upande mwingine wa kambi, na badala ya kurekebisha mstari wake, kijana alifuta na kuandika upya. Mara nyingine aliandika upya kama alivyosikia, L ikawa R, au herufi ya mwisho ikapotea. Ndivyo ilivyokuwa kwa kaka wa mama yule. Mstari wenye nyota uliandika jina lake kama familia inavyoliandika. Mbali sana chini yake, palikuwa na mtu mwenye jina hilo hilo kwa herufi R, baba yule yule, kijiji kile kile, mahali pengine kambini, tarehe ya miezi minne baadaye. Mstari huo hauna nyota. Ulikuwa kwenye jedwali tangu siku ya kwanza, ila kwa tahajia ile hakuna aliyemtambua.

Kwa hiyo kaka yake alikuwa hai mwaka 1997, baada ya matanga yake kumalizika nyumbani. Orodha haisemi alikwenda wapi baadaye. Mama huyo anasema sasa anatafuta mtu, hatafuti kaburi. Ameanza kuwauliza watu waliokaa upande ule wa kambi, na ameandika majina yote mawili, la L na la R.

Familia ya pili kati ya zile tatu nayo ilipata pacha. Ya tatu haikupata. Jina la mtu wao lina nyota, na halionekani tena popote. Mwalimu aliwaambia wazi kwamba huenda alihama, huenda alirudi Congo, huenda alifariki. Nyota peke yake haiwezi kusema ni lipi. Walishukuru, lakini waliondoka kimya.

Kutokana na hayo, mwalimu anatoa ushauri kwa kamati za wakimbizi wa ndani, kwa makanisa na kwa machefu wa mitaa wanaoandika familia zinazopokelewa sasa. Kwanza, katika ukurasa wa kwanza wa daftari iandikwe maana ya kila alama: mstari ni nini, duara ni nini, nyota ni nini. Anayeandika leo anaweza kuondoka kesho, na alama zake zikabaki bila msemaji. Pili, mtu akihama, mstari wake usifutwe. Iandikwe pembeni amekwenda wapi na lini. Tatu, jina la baba na kijiji yasiachwe kamwe, kwa sababu jina la mtu hubadilika mdomoni mwa kila anayeliandika.

Nne, kila daftari liwe na faharasa yake mwishoni. Si lazima kompyuta. Kurasa chache za mwisho zinatosha, zikigawanywa kwa majina ya vijiji, na mbele ya kila kijiji ziandikwe kurasa ambamo watu wake wamo. Mtu anayekuja kumtafuta ndugu yake hapaswi kusubiri daftari zima lisomwe.

Mpwa wake naye anawaambia vijana wenzake wanaotengeneza mashine kwamba wasitupe disketi za watu, hata kama hazifunguki siku hiyo. Anasema pia kwamba jibu la mashine kuukuu mara nyingi liko katika karatasi za zamani, na kwamba kabla ya kulipa dola mtu aulize kwanza kama kuna faharasa.

Kwa sasa orodha imechapwa kwenye karatasi, nakala tatu, na zimewekwa sehemu tatu tofauti mjini. Majina yenye nyota yamewekwa pamoja na mapacha wao. Yale yasiyo na pacha yamewekwa mwishoni peke yake, kila moja na jina la baba na kijiji, ili anayefahamu habari zake aziongeze. Juu ya ukurasa wa kwanza mwalimu ameandika kwa kalamu, kwa herufi kubwa, kwamba nyota maana yake ni mstari uliofutwa, na kwamba haisemi mtu amekufa wala haisemi yuko hai.